Lidi ya aVL ilipotangulia: uchambuzi wa kisa cha maumivu ya chembe ya moyo

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanamume wa miaka 57, fundi seremala, mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu, aliyefika usiku katika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania akilalamika maumivu ya chembe ya moyo. Ni kisa cha kufundishia: kimejengwa kutokana na mwendo unaojulikana wa ugonjwa huu, na mgonjwa, saa na vipimo vyake si vya mtu mmoja halisi. Nimekichagua kwa sababu karatasi yake ya kwanza ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo, unaoutazama moyo kutoka pande 12 ziitwazo lidi, aVL ikiwa mojawapo) ni ya aina ambayo daktari tarajali anaweza kuisoma hatua kwa hatua, akaandika kila kitu kwa usahihi, na bado akaiweka kando bila kuona ugonjwa uliomo.

Mgonjwa

Maumivu yalianza karibu saa 12 jioni, akiwa bado karakana. Aliyaeleza kuwa ni mkandamizo ulio chini kidogo ya mfupa wa kifua, usiokwenda mkononi wala shingoni, ukiambatana na kichefuchefu, kutapika mara moja na jasho lililolowesha shati. Kwa kuwa aliwahi kuambiwa kwamba ana vidonda vya tumbo, alipita duka la dawa akanunua dawa ya maji ya kutuliza asidi pamoja na vidonge vya omeprazo, akanywa, akangoja nafuu ambayo haikuja. Ndugu yake alimpakia kwenye bajaji, na wakafika hospitali saa 2 na dakika 10 usiku.

Shinikizo la damu lilikuwa 104/68, mapigo ya moyo 58 kwa dakika, kiwango cha oksijeni asilimia 97, na sukari ya damu milimoli 13.4 kwa lita. Mapafu yalikuwa safi, na tumbo lilikuwa laini bila sehemu inayouma ikibonyezwa.

Tarakimu mbili kati ya hizo zilistahili kutazamwa kwa utulivu hata kabla mashine haijasogezwa kitandani. Shinikizo la 104/68 peke yake halimtishi mtu, lakini kadi ya kliniki aliyokuwa nayo mfukoni ilionyesha kwamba siku zake za kawaida huwa na 150/90 na zaidi, kwa hiyo mtu huyu alikuwa ameshuka sana kutoka pale anapoishi. Mapigo 58 ni ya kushangaza zaidi. Mtu mwenye maumivu makali, anayetapika na kutoka jasho, hutarajiwa kuwa na moyo unaokwenda mbio, na kadi ile ile ilionyesha kwamba anatumia amlodipini na metformini tu, yaani hakuna dawa inayopunguza mwendo wa moyo. Kulikuwa na kitu kinachoushikilia moyo wake chini. Usomaji wa ECG ulipaswa kuanzia hapo, kwa swali lililo wazi: je, kuna dalili kwamba sehemu ya chini ya moyo, ambayo hupata damu kutoka kwenye ateri ile ile ambayo kwa watu wengi hulisha pia nodi za umeme wa moyo, imekosa damu?

Miongozo ya kimataifa hutaka ECG ipigwe na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa mwenye maumivu ya namna hii akutane na mhudumu wa afya, na hii haiwahusu wenye maumivu ya kifua peke yao. Kwa mgonjwa wa kisukari, kwa wazee na kwa wanawake, maumivu ya mshtuko wa moyo huweza kukaa juu ya tumbo, au huja kama uchovu na kukosa pumzi bila maumivu yoyote. Muuguzi wa zamu alilijua hilo, na karatasi ya kwanza ilitoka saa 2 na dakika 18.

Karatasi ya kwanza

Mashine ilikuwa ya zamani kidogo, ya vikombe vya mpira vya kunyonya kifuani na vibanio vya mikono na miguu. Jeli ilikuwa imekwisha, kwa hiyo muuguzi alilowesha pamba kwa maji ya chumvi akaiweka chini ya kila kibanio. Njia hiyo ina historia ndefu: Willem Einthoven, aliyeunda galvanomita ya uzi (kifaa cha kupima umeme mdogo) huko Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliwapima watu wakiwa wametumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi. Umeme aliokuwa akiupima ni huu huu, na herufi P, Q, R, S na T alizozichagua yeye ndizo tunazotumia hadi leo: P ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, QRS ni wa ventrikali, yaani vyumba vya chini, T ni ventrikali zikijiandaa kwa pigo linalofuata, na ST ni kipande kilicho kati ya QRS na T.

Daktari tarajali aliisoma karatasi kwa utaratibu aliofundishwa. Kasi ya karatasi ilikuwa milimita 25 kwa sekunde, hivyo kila kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni sekunde 0.20, kipimo cha urefu kilikuwa milimita 10 kwa milivolti. Wimbi la P lilikuwa limesimama katika lidi ya I na kulala chini katika aVR, kwa hiyo waya za mikono hazikuwa zimebadilishana. Aliandika kwenye jalada: mdundo wa nodi ya sainasi (chanzo cha kawaida cha mapigo), mapigo 58, mhimili (mwelekeo wa jumla wa umeme) wa kawaida, kipindi cha PR (mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS) sekunde 0.20, upana wa QRS sekunde 0.08, hakuna mwinuko wa ST unaofikia kigezo. Juu ya karatasi mashine yenyewe ilikuwa imechapa kwa Kiingereza kwamba mdundo ni wa kawaida na kwamba kuna mabadiliko ya wimbi la T yasiyo na maana mahususi. Mawili haya yakakubaliana, na daktari akaandika vidonda vya tumbo na kuagiza omeprazo ya sindano.

Hakuna neno hata moja la uongo katika usomaji ule. Kigezo cha mwinuko wa ST ni milimita 1 katika lidi mbili zinazopakana, isipokuwa V2 na V3 (mbili kati ya lidi sita za kifua, V1 hadi V6) ambako mwanamume wa miaka 40 na zaidi hutakiwa kufikisha milimita 2, na karatasi hii haikufikia popote. Tatizo ni kwamba kigezo hicho kiliwekwa ili kuamua nani apewe tiba ya kuzibua mshipa mara moja. Hakikuwekwa ili kumwondolea mtu ugonjwa.

Tuitazame karatasi kwa milimita zake. Katika lidi ya III mchoro wa QRS ni mdogo, R ya milimita 3 na S ya milimita 1, kisha linafuata wimbi la T lenye urefu wa milimita 3.5, pana, lenye mabega ya mviringo. Wimbi la T lililo refu kuliko QRS inayolitangulia si la kawaida, hata kama macho yaliyozoea kutafuta vilele vya milimita 10 yanaliona dogo. Kipande cha ST hapo kimepanda kwa nusu milimita tu, kiasi ambacho mtu angeweza kukihesabu kuwa ni unene wa wino. Katika lidi ya II kipande cha ST kimelala sawasawa kwenye mstari wa msingi. Katika aVF kuna robo milimita ambayo hakuna jicho litakaloapa kuwa limeiona. Lakini katika aVL, ambako QRS imesimama kwa milimita 2.5 hivi, kipande cha ST kimeshuka kwa nusu milimita kwa mteremko laini, na wimbi la T limegeuka chini kwa milimita 1.5. Lidi ya I nayo ina ST iliyoshuka nusu milimita na T iliyokaribia kulala.

Kwa hiyo kitu kilichoonekana wazi kuliko vyote katika karatasi ya mtu ambaye ugonjwa wake uko chini ya moyo kilikuwa juu kushoto, katika lidi ambayo wanafunzi wengi huipitia wakiwa njiani kuelekea V1.

Kwa nini aVL

Lidi sita za mikono na miguu huutazama moyo katika bapa moja, kana kwamba mgonjwa amechorwa ukutani. Kwa makubaliano, lidi ya I hutazama kutoka nyuzi 0, yaani kushoto kwa mgonjwa. II kutoka nyuzi 60 kuelekea chini. aVF kutoka 90. III kutoka 120. Na aVL kutoka nyuzi 30 juu ya lidi ya I, ambayo huandikwa hasi 30. Kati ya III na aVL kuna nyuzi 150. Hazitazamani ana kwa ana kikamilifu, lakini katika lidi sita hizo hakuna iliyo mbali na III kuliko aVL. Watu wawili waliosimama kwenye ncha mbili za barabara moja wanaliona basi lile lile, mmoja likimjia na mwingine likimwacha; ndivyo umeme wa jeraha unaoelekea chini kulia unavyoandikwa kama mwinuko katika III na kama mshuko katika aVL.

Wengi huishia hapo, lakini kisa hiki kinahitaji hatua moja zaidi, ambayo ni ya hesabu. Mashine haipimi lidi sita za mikono na miguu. Hupima mbili na kuzikokotoa nne zilizobaki. Kanuni ya Einthoven inasema kwamba I ukijumlisha III unapata II. Lidi ya aVL, ambayo ilikuja baadaye kwa kazi ya Emanuel Goldberger mwaka 1942, ni sawa na I ukitoa III, kisha ukagawa kwa mbili. Tuweke tarakimu za mgonjwa wetu. ST ya lidi ya I ni hasi 0.5 na ya III ni chanya 0.5. Ukizijumlisha unapata sifuri, na ndiyo maana lidi ya II ilionekana safi kabisa. Ukitoa III kutoka I unapata hasi 1, na nusu yake ni hasi 0.5, ambayo ndiyo tuliyoiona katika aVL. Mabadiliko yale yale yaliyofutana katika II yaliongezana katika aVL.

Jambo hili lina uzito wa kila siku, kwa sababu monita nyingi za wodini huachwa zikionyesha lidi ya II, na mstari mrefu wa mdundo chini ya karatasi nao kwa kawaida ni wa lidi ya II. Mtu anayeutazama mstari huo kwa dakika kumi akijiridhisha kwamba mgonjwa hana mabadiliko anatazama mahali ambapo, katika saa za mwanzo za kuziba kwa ateri ya kulia, pande mbili zinaweza kubatilishana. Tena QRS ya aVL mara nyingi ni fupi, kwa hiyo nusu milimita pale ni sehemu kubwa ya mchoro kuliko nusu milimita katika V3. Milimita zinapaswa kulinganishwa na ukubwa wa QRS iliyo jirani yake, na kwangu hili ni jambo la kwanza la kumfundisha anayeanza, kabla hata ya kukariri vigezo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Wimbi la T lililogeuka katika aVL halimaanishi ugonjwa kila mara. Kwa mtu ambaye mhimili wa moyo wake umesimama wima, QRS ya aVL huelekea chini, na T inapoifuata chini ni kawaida yake. Kwa mwenye unene wa ventrikali ya kushoto kutokana na shinikizo la miaka mingi, T hugeuka katika aVL na I, lakini hapo R ya aVL huwa ndefu, mara nyingi kupita milimita 11. Mgonjwa huyu alikuwa na shinikizo la juu, kwa hiyo swali hilo lilikuwa halali, ila R yake ya aVL ilikuwa fupi na QRS ilielekea juu. T iliyokwenda kinyume na QRS fupi iliyosimama, kwa mtu mwenye maumivu wakati huo huo, haikuwa na maelezo mengine ya kuridhisha. Uvimbe wa utando wa moyo pia hauwezi kuieleza, kwa sababu ugonjwa huo hupandisha ST karibu kila mahali na kuishusha katika aVR na V1 tu. Mshuko wa ST katika aVL unaofuatana na mwinuko wa III humwondoa msomaji kwenye fikra hiyo.

Vitabu vingi vya kufundishia humpa mwanafunzi karatasi moja kwa kila ugonjwa, na karatasi hiyo huchaguliwa kwa sababu inaonekana vizuri: ST imepanda milimita tano, mshuko wa upande wa pili umekamilika. Mwanafunzi hujifunza kuutambua ugonjwa ukiwa umekomaa. Kwa mtazamo wangu kila kisa cha mshtuko wa moyo kingefundishwa kwa karatasi mbili za mgonjwa mmoja zilizopishana kwa dakika chache, na mwanafunzi aulizwe kilichohama kabla ya kuulizwa jina la ugonjwa. Ningependa pia sehemu ya juu ya karatasi, yenye maneno ya mashine, ikunjwe nyuma hadi msomaji awe ameandika usomaji wake. Programu ya mashine hupima vizuri urefu na upana, lakini haijui kwamba mtu huyu huwa na 150/90, wala haijui kwamba amelowa jasho.

Karatasi ya pili na upande wa kulia

Daktari wa zamu, aliyekuwa ameombwa ushauri kuhusu sukari, aliuliza kwa nini mapigo ni 58, akaitazama karatasi, akaweka kidole kwenye aVL na kuagiza ECG irudiwe. Hakusubiri matokeo ya troponini. Protini hiyo huchukua saa kadhaa kupanda kwenye damu tangu misuli ya moyo ianze kuumia, na jibu la mapema lililo chini halimwachilii mgonjwa ambaye maumivu yake yanaendelea. Pale ECG ya kwanza inapokosa jibu na maumivu hayajaisha, miongozo hushauri irudiwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza.

Kabla ya vikombe vya mpira kuondolewa kifuani, muuguzi alikuwa amezungushia kila kimoja alama kwa kalamu. Ni jambo dogo ambalo ningelifanya kuwa sharti katika kila chumba cha dharura. Elektrodi ya kifua iliyohama kwa upana wa ubavu mmoja inaweza kubadili urefu wa R na umbo la T, na hapo mlinganisho wa karatasi mbili hupoteza thamani. Kwa lidi za mikono na miguu hatari ni nyingine: waya ya mkono wa kushoto ikibadilishana na ya mguu wa kushoto, aVL na aVF hubadilishana nafasi na III hupinduka, na karatasi hiyo inaweza kumpa mtu mwenye afya ugonjwa au kumfichia mgonjwa ugonjwa wake.

Karatasi ya pili ilitoka saa 2 na dakika 40. Sasa ST ilikuwa imepanda milimita 3 katika III, 2.5 katika aVF na 2 katika II. Ilikuwa imeshuka milimita 1 katika I na milimita 2 katika aVL. Kipindi cha PR kilikuwa kimerefuka hadi sekunde 0.24. Hakuna tena aliyehitaji kushawishiwa kwamba huu ni mshtuko wa moyo wa sehemu ya chini, lakini karatasi ilikuwa na mengine ya kusema.

Mwinuko wa III ulizidi wa II, na lidi ya I ilikuwa imeshuka. Mambo hayo mawili kwa pamoja huelekeza kwenye ateri ya kulia ya moyo kuliko ateri ya mzunguko ya upande wa kushoto, kwa sababu umeme wa jeraha unavutwa kulia, kuelekea nyuzi 120. Katika V1 ST ilikuwa imepanda milimita 1 huku V2 ikiwa imelala. V1 ndiyo lidi ya kawaida iliyo karibu zaidi na ventrikali ya kulia, hivyo mwinuko wake katika mshtuko wa sehemu ya chini huuliza swali ambalo lidi 12 peke yake haziwezi kulijibu. Daktari alihamisha elektrodi ya V4 kutoka kushoto hadi mahali pale pale upande wa kulia, nafasi ya tano kati ya mbavu kwenye mstari wa katikati ya mtulinga, akapiga tena. Lidi hiyo, inayoitwa V4R, ilionyesha mwinuko wa milimita 1.5. Ventrikali ya kulia nayo ilikuwa inaumia. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuandika fomu ya maabara, na haikuhitaji kifaa kipya hata kimoja.

Wakati huo muuguzi mwingine alikuwa ameshika kidonge cha nitrati cha kuwekwa chini ya ulimi, maana ndicho wengi wanachokumbuka kwanza kwa maumivu ya moyo. Kilirudishwa. Ventrikali ya kulia iliyojeruhiwa hutegemea damu inayorudi kwa wingi kutoka mwilini ili iweze kuisukuma kuelekea kwenye mapafu, na nitrati hulegeza mishipa na kupunguza damu hiyo. Kwa mtu ambaye tayari ana 104/68, mishipa ya shingo iliyojaa na mapafu safi, kidonge kile kingeweza kuuangusha mzunguko wote. Hali kadhalika dawa za kuongeza mkojo. Hapa ndipo usomaji wa ECG unapoacha kuwa zoezi la darasani, kwa sababu tofauti kati ya kuona V1 na kutoiona ilikuwa mkononi mwa muuguzi, ikisubiri kuwekwa chini ya ulimi.

Tiba na karatasi zilizofuata

Mgonjwa alitafuna aspirini miligramu 300 na kupewa klopidogreli miligramu 300. Aliulizwa kuhusu kinyesi cheusi na kutapika damu, swali ambalo historia ya vidonda vya tumbo ililifanya kuwa la lazima, na vilevile kuhusu kiharusi, upasuaji wa karibuni na kuumia kichwa. Shinikizo lilipimwa mikono yote miwili, kwa kuwa kuchanika kwa ukuta wa aota kunaweza kuifunga ateri ya kulia na kutoa karatasi inayofanana na hii, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ingekuwa janga kwa mtu huyo. Vipimo vya mikono vililingana.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ina uwezo wa kuuzibua mshipa kwa puto na kuweka stenti, lakini ilikuwa umbali wa saa nyingi kwa gari. Pale ambapo mshipa hauwezi kuzibuliwa kwa njia hiyo ndani ya dakika 120, dawa ya kuyeyusha ndiyo chaguo, mradi maumivu hayajapita saa 12. Streptokinasi uniti milioni 1.5 ilianza kwa dripu ya dakika 60 saa 2 na dakika 55, ikifuatana na enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ilitanguliwa na mililita 250 za maji ya chumvi ya kawaida, kisha mililita 250 nyingine, na mapafu yakisikilizwa kila mara kabla ya kuongeza.

Saa 3 na dakika 10 monita ilianza kuonyesha mapigo yanayoruka. Karatasi iliyopigwa hapo ni nzuri sana kwa mafunzo: PR ya sekunde 0.28, kisha 0.34, kisha 0.38, kisha wimbi la P lililobaki peke yake bila QRS, na mzunguko ukaanza upya. Mwenendo huu unaitwa kwa jina la Karel Wenckebach, aliyeueleza mwaka 1899 kwa kuchunguza michoro ya mapigo ya mshipa, kabla galvanomita ya Einthoven haijatumika. Katika mshtuko wa sehemu ya chini, kizuizi cha namna hii kwa kawaida kiko kwenye nodi ya AV yenyewe (kituo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda ventrikali), QRS hubaki nyembamba, na mara nyingi huisha chenyewe. Katika mshtuko wa sehemu ya mbele, kizuizi kinachotokea chini zaidi, chenye QRS pana, ni habari nyingine kabisa na humhitaji mgonjwa awe karibu na kifaa cha kuendesha moyo. Kwa kuwa huyu alikuwa na kizunguzungu, mapigo 44 na shinikizo 92/60, alipewa atropini miligramu 1 kwenye mshipa, na mapigo yakapanda hadi 70.

Tukio lililomtisha zaidi daktari tarajali lilikuja karibu saa 4. Ghafla QRS ikawa pana, sekunde 0.14, bila wimbi la P mbele yake, na mapigo 78 kwa dakika yaliyopangika vizuri. Aliomba dawa ya kuzuia mapigo hatari ya ventrikali. Lakini mapigo hatari ya aina hiyo kwa kawaida hupita 100 kwa dakika, na mara nyingi hupita 120. Haya yalikuwa 78, mgonjwa alikuwa akisema kwamba maumivu yamepungua, na shinikizo lilikuwa 110/70. Mdundo huu wa ventrikali ulioharakishwa huonekana mara nyingi damu inapoanza kupita tena kwenye mshipa uliokuwa umeziba. Ulikoma wenyewe, na kuuzima kwa dawa kungemwongezea mgonjwa hatari bila faida. Kasi ndiyo iliyoamua, na kasi huhesabiwa kwa visanduku, kwa njia ile ile ya siku ya kwanza darasani.

Saa 4 na dakika 15 ST ya lidi ya III ilikuwa imeshuka kutoka milimita 3 hadi 1, na mshuko wa aVL umepungua hadi nusu milimita chini ya mstari. Kushuka kwa nusu au zaidi ndani ya dakika 60 hadi 90 ni ishara kwamba dawa imefanya kazi. Lau ST ingebaki pale pale, rufaa ingekuwa ya haraka usiku ule ule. Kwa mgonjwa huyu rufaa ilipangwa kwa asubuhi, na kipimo cha mishipa ya moyo kikaonyesha wembamba mkubwa mwanzoni mwa ateri ya kulia, juu ya mahali matawi yanayolisha ventrikali ya kulia yanapochipuka. Ndivyo III, V1 na V4R zilivyokuwa zimesema.

ECG yake ya kabla ya kuruhusiwa ilikuwa na mawimbi ya Q katika III na aVF, T zilizogeuka chini katika lidi hizo, na T ya aVL iliyosimama wima. PR ilikuwa imerudi sekunde 0.18. Karatasi ya mashine hizi huchapwa kwa joto, na ikiachwa juani au ndani ya mfuko wa plastiki hufifia hadi kubaki nyeupe, kwa hiyo ilitolewa nakala ya kawaida ikabanwa ndani ya kadi yake ya kliniki, ikiwa na tarehe na maneno mafupi ya daktari, ili T hizo zilizogeuka zisije zikahesabiwa kuwa mshtuko mpya siku atakapofika kituo kingine kwa sababu ya kiungulia tu, na ili mshtuko mpya ukija kweli kuwe na karatasi ya kulinganisha nao.